Mume na Mke Wanapofungua Duka la Uzi: Leseni, Hesabu na Haki ya Kila Mmoja

Uasin Gishu ni kaunti ya sweta. Mji wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Burnt Forest na Ainabkoi ziko juu zaidi. Asubuhi ya Julai mtoto hatoki nyumbani bila kitu cha kumkinga baridi, na shule nyingi huifanya sweta kuwa sehemu ya sare mwaka mzima. Ndiyo maana karibu kila kituo cha biashara, kuanzia Turbo hadi Moiben, kina fundi wa mashine ya kufuma au kikundi cha akina mama wanaofuma kwa sindano na kroshia.

Mafundi hao wote wanahitaji uzi. Eldoret una historia ndefu ya viwanda vya nguo: Rivatex, kilichoanzishwa mwaka wa 1976 na kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, Ken-Knit, na kilichokuwa Raymond Woollen Mills. Hata hivyo fundi wa Ziwa au Kesses hawezi kwenda kiwandani kila anapoishiwa na uzi wa bluu. Anahitaji duka lililo karibu, na hapo ndipo nafasi ya biashara ndogo ilipo.

Biashara hii huwavutia sana watu wawili wanaoishi nyumba moja. Mmoja anakijua kufuma, mwingine anajua kuzunguka, kununua na kuuza. Makala haya yanaeleza hatua za kufungua na kuendesha duka la uzi kwa pamoja. Yanaeleza pia jambo ambalo wanandoa wengi huliacha hadi siku ya shida: duka hilo ni la nani?

Mfano utakaotumika ni wa kufikirika. Mke anaishi Langas na amefuma sweta za shule kwa mashine kwa miaka minane, nyuma ya nyumba. Mume ni mwendeshaji wa bodaboda. Wameweka akiba, naye mke ana pesa kidogo za chama. Wanataka kukodisha chumba na kuuza uzi, sindano, vifungo, zipu na lastiki.

Nani ameandikwa?

Hatua ya kwanza ni kusajili jina la biashara. Kazi hii hufanywa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Mwombaji hutafuta kwanza kama jina analolitaka limeshachukuliwa, kisha hujaza fomu, hulipa ada inayoonyeshwa na kupokea cheti. Asiye na intaneti nyumbani anaweza kupata usaidizi katika Kituo cha Huduma.

Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika. Kwa kuwa simu ya mume ndiyo iliyo na akaunti ya eCitizen, duka husajiliwa kwa jina lake peke yake. Kisha nambari ya Lipa na M-Pesa huombwa kwa cheti hicho hicho. Akaunti ya benki nayo hufuata. Hakuna aliyekusudia kumnyima mwenzake kitu, lakini baada ya wiki mbili karatasi zote zinasema kuwa duka ni la mtu mmoja, ilhali mwenye ujuzi wa uzi na wateja wa miaka minane ni mwingine.

Kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni biashara ya mtu mmoja, ambayo ni rahisi na ya bei nafuu. Ina shida moja: mbele ya sheria, bidhaa, madeni na faida ni vya huyo aliyeandikwa. Ya pili ni ushirika wa watu wawili, ambapo majina yote mawili huonekana kwenye usajili. Ushirika unaongozwa na Sheria ya Ushirika wa Biashara ya 2012. Pasipo mapatano mengine, washirika hugawana faida sawasawa. Kila mshirika pia anaweza kudaiwa madeni ya duka, hata kufikia mali yake binafsi. Ya tatu ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Kampuni hutenganisha mali ya duka na mali ya wenye duka, lakini ina ripoti na taratibu zaidi za kila mwaka. Duka dogo linaweza kuanza kama ushirika na kugeuzwa kampuni likishakua.

Kwa wanandoa wa Langas, ushirika unafaa kuliko njia nyingine. Wanapaswa pia kuandika mkataba mfupi wa ukurasa mmoja au miwili unaojibu maswali haya: kila mmoja ameleta kiasi gani cha pesa na vifaa, ikiwemo mashine ya kufuma, nani anaruhusiwa kukopa kwa jina la duka, faida itagawanywa vipi, na itakuwaje mmoja akitaka kutoka. Mkataba huo utiwe sahihi na wote wawili mbele ya mashahidi. Wakili akiupitia ni vyema zaidi.

Chumba na mwenye nyumba

Duka la uzi halihitaji chumba kikubwa. Linahitaji chumba kikavu, kisichopigwa na jua moja kwa moja, kilicho mahali ambapo mafundi hupita. Unyevu huleta ukungu na harufu kwenye uzi, na jua hufifisha rangi upande mmoja wa donge. Uzi wa sufu ya kondoo huliwa na nondo pia, jambo ambalo halitokei kwa uzi wa akriliki. Rafu ziinuliwe kutoka sakafuni, na uzi wa sufu utunzwe kwenye mifuko iliyofungwa vizuri.

Kabla ya kulipa chochote, wapangaji wanastahili kujua haki zao. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura 301, humlinda mpangaji wa duka ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akapandisha kodi au kumfungia mlango. Lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Mpangaji asiyekubaliana nayo anaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku hiyo kufika.

Mpangaji adai risiti ya kila malipo, hata kama mwenye nyumba ni jirani au ndugu. Ahadhari hasa na malipo ya kupewa nafasi, yanayojulikana sokoni kama gudwili. Mara nyingi pesa hizo hupewa mtu ambaye si mwenye jengo, hazina risiti, na hazirudi. Kwa duka dogo, kiasi kama hicho kinaweza kumeza nusu ya mtaji kabla ya donge la kwanza kuuzwa.

Kibali cha kaunti

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za biashara, usimamizi wa masoko na huduma za kuzima moto ni majukumu ya serikali za kaunti. Kila duka linahitaji kibali cha biashara, na kibali hicho huhuishwa kila mwaka. Ada hutegemea aina ya biashara, ukubwa wake na mahali lilipo, na huwekwa katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Kwa hiyo mwombaji aulize ada ya mwaka husika katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yake, na asitegemee alicholipa jirani mwaka jana. Malipo yafanywe kwa njia rasmi pekee. Asiyepewa risiti rasmi hajalipia kibali.

Usalama wa moto usichukuliwe kama karatasi tu. Uzi hushika moto haraka, na akriliki inapoungua huyeyuka na kushikamana na ngozi. Duka lililojaa uzi hadi darini, lenye waya wa umeme uliounganishwa ovyo na jiko la makaa la kupikia chai, ni hatari kwa safu nzima ya maduka. Wenye duka wawe na kizimamoto kinachofanya kazi, wajue kukitumia, na waache njia wazi hadi mlangoni. Mkaguzi wa kaunti huangalia mambo hayo kabla ya kutoa cheti.

Jambo jingine linalosahaulika ni mizani. Uzi wa mashine mara nyingi hupimwa na kuuzwa kwa uzani kutoka kwenye koni kubwa. Mizani yoyote inayotumika kuuzia lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa Vipimo na Mizani chini ya Sura 513, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Mizani ndogo za jikoni zisizo na muhuri haziruhusiwi katika biashara, hata kama zinaonyesha gramu sahihi. Ukaguzi huu unamlinda muuzaji pia. Fundi akilalamika kwamba amepunjwa, muhuri ndio jibu.

Uzi gani wa kuweka?

Duka jipya huvutiwa na rangi nyingi. Hata hivyo pesa huzunguka haraka kwenye rangi chache. Kabla ya kununua bidhaa, wanandoa wa mfano wetu walipaswa kutembea na daftari na kuandika rangi za sweta za shule zote zilizo ndani ya umbali ambao wateja wao hutembea. Huenda shule kumi na mbili zikatumia rangi nne tu: bluu iliyokoza, kijani kibichi, maruni na kijivu. Hizo nne ndizo za kujaza rafu. Rangi za mapambo, kama vile waridi, manjano na nyeupe za nguo za watoto wachanga, ziwekwe kidogo kidogo.

Akriliki ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu ni ya bei nafuu, huoshwa kwa urahisi na hailiwi na nondo. Sufu ya kondoo ina joto zaidi lakini ni ghali na hutaka kuoshwa kwa uangalifu, la sivyo hunywea. Pamba hufaa kwa vitambaa vya kroshia vya viti na meza. Mwenye duka lazima ajue tofauti hizi na amweleze mteja ukweli. Mteja aliyeuziwa akriliki akaambiwa ni sufu hatarudi, na watakaosikia habari hiyo kutoka kwake hawatakuja.

Kuna kosa moja ambalo humpotezea fundi wiki nzima ya kazi. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu kiwandani, na kila fungu lina nambari yake kwenye karatasi ya kufungia. Bluu ya fungu moja na bluu ya fungu jingine zinaweza kufanana zikiwa dukani, kisha sweta ikionekana juani, mkono mmoja ukawa tofauti na mwili. Sweta ya mtu mzima mara nyingi hutumia gramu 400 hadi 600 za uzi, yaani madonge manne hadi sita ya gramu 100. Muuzaji mzuri humuuliza mteja anafuma nini, humhesabia madonge yanayotosha kutoka fungu moja, na hukubali kumwekea donge la ziada kwa siku chache. Huduma hiyo haina gharama kubwa, na ndiyo inayofanya duka lijulikane.

Biashara hii pia ina misimu. Shule hufunguliwa Januari, lakini mafundi hununua uzi Novemba na Desemba ili sweta ziwe tayari. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti huleta wateja wa sweta, kofia na nguo za watoto. Februari, Machi na Oktoba huwa kimya. Kwa hiyo duka la uzi hutangulia duka la sare kwa mwezi mmoja au miwili. Anayengoja Januari ili ajaze rafu amechelewa, na aliyetumia pesa zote za Julai hatakuwa na mtaji wa Novemba.

Hesabu ya mauzo

Wengi huuliza, "Tutapata faida kiasi gani?" Swali linalotangulia ni hili: lazima duka liuze kiasi gani ili lisile mtaji wake? Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mtu aweke takwimu zake.

Tuseme gharama za mwezi ni hizi: kodi Sh9,000, umeme na mlinzi Sh1,500, sehemu ya mwezi ya kibali na ada nyingine Sh500, usafiri wa kuleta bidhaa Sh2,000, na malipo ya kazi ya kila mmoja Sh6,000, yaani Sh12,000 kwa wawili. Jumla ni Sh25,000.

Donge linalonunuliwa kwa Sh100 linauzwa Sh125. Faida ni Sh25 katika kila Sh125, yaani asilimia 20 ya mauzo. Ili kupata Sh25,000 za gharama, duka lazima liuze bidhaa za Sh125,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni takriban Sh4,800 kila siku. Chini ya hapo, duka linajilisha kwa mtaji wake hata kama kisanduku cha pesa kinaonekana kimejaa.

Malipo ya kazi ya mume na mke yamewekwa ndani ya hesabu kwa makusudi. Wanandoa wengi husema, "Sisi hatujilipi, duka ni letu." Kisha kila jioni mtu huchukua pesa za unga, za nauli na za dawa, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua duka limepata au limepoteza. Ni bora kila mmoja alipwe kiasi kidogo kinachojulikana, siku inayojulikana, na matumizi ya nyumbani yatoke kwenye malipo hayo.

Ushuru

Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni lakini yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka huingia kwenye ushuru wa mauzo. Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023 iliuweka kuwa asilimia 3 ya mauzo yote. Hulipwa kupitia iTax kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya Sh125,000 kwa mwezi ni Sh1.5 milioni kwa mwaka, kwa hiyo duka la mfano wetu linahusika.

Ushuru huu hutozwa kwenye mauzo na si kwenye faida, na gharama hazipunguzwi kwanza. Hesabu ya awali lazima irekebishwe. Katika kila Sh100 zinazouzwa, faida ni Sh20, na Sh3 huenda kwa ushuru. Zinabaki Sh17. Gharama za Sh25,000 zikigawanywa kwa asilimia 17, duka sasa linahitaji kuuza takriban Sh147,000 kwa mwezi, au Sh5,660 kwa siku. Tofauti ya zaidi ya Sh800 kwa siku ndiyo inayoangusha maduka yaliyopanga bei bila kukumbuka ushuru.

Duka lililo chini ya Sh1 milioni kwa mwaka halilipi ushuru wa mauzo, lakini wenye nambari ya PIN bado wanatakiwa kuwasilisha taarifa zao za mapato za mwaka kufikia Juni 30. Wenye duka waulize ofisi ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) kuhusu risiti za eTIMS na viwango vinavyotumika kwa wakati huo, kwa sababu sheria za fedha hubadilika.

Kazi ya nani?

Watu wawili wakifanya kila kitu kwa pamoja, mara nyingi hakuna anayewajibika kwa lolote. Ni vyema kazi zigawanywe kwa kile ambacho kila mmoja anakiweza. Katika mfano wa Langas, mke anachagua uzi, anahudumia mafundi na kufundisha wanaoanza kufuma. Mume ana pikipiki, hivyo analeta bidhaa, anapelekea mafundi wa mbali mizigo yao na anakusanya madeni. Siku moja kwa wiki, tuseme Jumapili jioni, wote wawili huketi na daftari.

Madaftari matatu yanatosha mwanzoni: la mauzo ya kila siku, la bidhaa zilizoingia na kutoka, na la madeni. Pesa taslimu na ujumbe wa M-Pesa vilinganishwe na daftari la mauzo kila jioni. Mara moja kwa mwezi uzi wote uhesabiwe rafuni. Upungufu ukionekana mapema, huongelewa kwa utulivu. Ukionekana baada ya mwaka, huleta kushukiana, na hapo ndoa na duka huanza kuharibika pamoja.

Mkopo kwa wateja unahitaji sheria moja ambayo wote wawili wanaifuata. Fundi aliyepata oda ya shule huomba uzi sasa ili alipe shule ikimlipa. Wengi ni waaminifu, lakini shule ikichelewa, duka ndilo linalobeba mzigo. Kanuni inayofaa ni kwamba deni liwe na kikomo, liandikwe na kutiwa sahihi, na asiyemaliza la zamani asipewe jipya. Mke akikataa kukopesha na mume akakubali mlangoni, kanuni imekufa.

Mtaji wa kuongeza

Akiba, chama na Sacco ndizo njia za kwanza, kwa kuwa wanaokopesha wanamjua mkopaji. Serikali ya kitaifa ina Hazina ya Wanawake, Hazina ya Vijana na Uwezo, ambazo hukopesha zaidi kupitia vikundi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoa mkopo wa binafsi wa Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo huo unatakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Uzi wa Novemba hauwezi kuuzwa wote ndani ya siku 14, hivyo mkopo wa aina hii unafaa kuziba pengo dogo. Haufai kujazia rafu.

Kabla ya kukopa kwa jina la duka, sahihi za wote wawili zihitajike. Mkopo wa siri wa mmoja, hasa ule wa programu za simu, ni deni la nyumba nzima siku wadai wanapopiga simu.

Mambo yakibadilika

Sehemu hii ndiyo ambayo watu hawapendi kuisoma, na ndiyo iliyo muhimu zaidi.

Ibara ya 45(3) ya Katiba inasema kuwa mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa kwenye ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaeleza kuwa umiliki wa mali ya ndoa hufuata mchango wa kila mmoja. Mchango si pesa peke yake. Sheria hiyo inataja pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa biashara ya familia. Aliyesimama nyuma ya kaunta kwa miaka, hata bila kuleta shilingi, ana mchango unaotambuliwa. Mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa inashikiliwa kwa niaba ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vinginevyo. Waislamu wanaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika masuala haya.

Lakini mwezi wa Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki sawa haimaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja lazima athibitishe mchango wake. Hapo ndipo karatasi za duka zinapopata uzito. Cheti chenye majina mawili, mkataba wa ushirika, daftari lenye miandiko ya wote wawili, na rekodi ya mashine ya kufuma iliyoletwa na mke siku ya kwanza, vyote ni ushahidi. Asiye na karatasi anabaki kutegemea mashahidi na kumbukumbu.

Kifo nacho hakingoji. Duka likiwa kwa jina la mume pekee, bidhaa zake huingia katika mirathi yake. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura 160, ni kosa kwa mtu yeyote, hata ndugu, kugusa mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa mamlaka ya kuisimamia. Mjane anaweza kukuta akaunti imesimamishwa na shemeji wakiulizia ufunguo wa duka, huku mafundi wakingoja uzi wa Januari na mwenye nyumba akidai kodi. Ushirika ulioandikwa huonyesha mara moja sehemu iliyo yake, na hiyo si ya kurithiwa na mtu mwingine. Wosia, na akaunti ya pamoja yenye maagizo yaliyoandikwa benki, hupunguza taabu iliyobaki.

Mume naye analindwa kwa njia hiyo hiyo. Mke akifariki, wateja, madeni na bei za uzi vikiwa kichwani mwake tu, mume hubaki na chumba kilichojaa bidhaa asizozijua.

Kuanza kwa mpangilio

Kwa wanandoa wanaotaka kufungua duka kabla ya msimu wa Novemba, mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza, waandike rangi za shule za karibu na wahesabu mauzo wanayohitaji kwa siku, ushuru ukiwemo. Pili, wasajili jina la biashara kwa majina mawili na kutia sahihi mkataba wao. Tatu, wakague chumba, wapate makubaliano ya kodi kwa maandishi, kisha waombe kibali cha biashara na cheti cha usalama wa moto. Nne, wapeleke mizani ikaguliwe. Tano, wafungue akaunti na nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka, tofauti na simu zao. Baada ya hayo ndipo wanunue uzi.

Maafisa wa biashara katika kaunti ndogo za Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy na Turbo huwasaidia wakazi kuhusu ada na fomu za kaunti. Mwananchi anayekwenda abebe kitambulisho, PIN na cheti cha usajili. Na kama duka ni la watu wawili, ni vizuri waende wote wawili.